Shajara ya mfarishi wa miraba 12: kushona matabaka kwa cherehani na kutoa chaki

3 Februari: uso umekamilika

Jana usiku nimeunga pambizo la mwisho. Uso wa mfarishi (blanketi la viraka) sasa ni kitambaa kimoja: miraba 12, safu nne za mitatu mitatu, na kila mraba una mchoro wake. Mraba mmoja ni sentimita 30 kwa 30, vikanda vinavyoitenga na kuizunguka miraba vina upana wa sentimita 6, na pambizo la nje sentimita 12. Jumla ni sentimita 138 kwa 174. Kuna michoro iitwayo viraka tisa, kititia, Nyota ya Ohio, kibanda cha magogo, bata bukini, nyayo za dubu, njia ya mlevi na mingineyo. Baadhi ni mistari mitupu, baadhi ina mapinde. Niliuchagua mfarishi wa aina hii kwa sababu kila mraba unadai mshono wake, na anayeumaliza amegusa karibu kila mbinu.

Naanza shajara hapa, wala si kwenye ukataji wa viraka, kwa kuwa maelezo ya kuunga viraka yako tele. Ya kuyakamata matabaka matatu (uso, pamba ya katikati na mgongo) kwa mishono ya cherehani huwa mistari miwili mitatu tu. Ya kuifuta chaki baadaye huwa neno moja: itatoka. Nitaandika saa, sindano na uzi uliotumika katika kila hatua, pamoja na kila nilichofumua.

5 Februari: kuchagua alama

Nina vitu vinne vya kuchorea. Chaki nyeupe ya unga, ya kichupa chenye gurudumu dogo mdomoni. Chaki ya fundi, ile bapa ya pembe tatu, nyeupe na njano. Kalamu ya buluu inayofutika kwa maji. Na kipande cha sabuni ya mche kilichokonda mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Mstari wake huonekana vizuri kwenye vitambaa vyeusi.

Nilichora mistari ya vyote vinne kwenye kipande cha buluu iliyokoza, nikapiga brashi. Chaki zote mbili ziliondoka, sabuni ikaondoka, na kalamu ilitoweka nilipoipaka tone la maji. Dakika kumi, nikaridhika.

(Nyongeza ya 8 Machi: jaribio hili lilikuwa na makosa matatu. Nilijaribu rangi moja ya kitambaa, nilifuta papo hapo bila kuiacha alama ikae, na sikushona juu yake. Usiliige.)

9 Februari: matabaka, mara mbili

Mgongo nimeukata sentimita 158 kwa 194, yaani ziada ya sentimita 10 kila upande, na pamba vivyo hivyo. Cherehani huvuta kitambaa kuelekea kwenye mishono, kwa hiyo ziada hiyo si ya anasa.

Kosa la kwanza lilikuwa sakafuni. Nilitandaza mgongo, nikabandika kingo zake kwa utepe wa karatasi, na kila nilipoona kijikunjo nilivuta zaidi, hadi nikawa nimeuwamba kama ngoma. Nikaweka pamba, nikaweka uso, nikafunga pini za usalama 150, moja kila sentimita 13 hivi. Saa tano za kupiga magoti. Nilipobandua utepe, mgongo ulirudi kwenye kipimo chake na uso ukajaa mawimbi. Ulikuwa umelala vizuri kabisa. Sasa umefutuka katikati ya kila pini.

Nilifungua pini zote. Safari ya pili nilitandaza mgongo hadi ukalala bapa, basi. Ishara niliyoifuata ni nyuzi za kitambaa chenyewe: ukiinama uzitazame kwa karibu, zinatakiwa kwenda moja kwa moja hadi ukingoni. Zikipinda kuelekea kwenye utepe, umevuta mno.

Na badala ya pini nilipiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya sentimita 5, mistari ikiachana sentimita 10, kutoka katikati kwenda nje. Uzi mweupe, kwa sababu uzi wa rangi huacha vinyuzi vyake kwenye matundu ya kitambaa cheupe. Saa nne. Kwa mfarishi wa kiasi hiki sitarudi kwenye pini: bandi inashika kila mahali kwa usawa, na mguu wa cherehani unapita juu yake bila wewe kusimama kila mara kufungua kitu.

13 Februari: kiunzi

Mishono ya kwanza inapita kwenye mfereji wa viungo vya vikanda, ili mfarishi wote ushikwe kabla ya mapambo. Nimetumia mguu wenye meno yake ya juu, unaosukuma uso sambamba na meno ya chini yanavyosukuma mgongo. Sindano namba 90, uzi wa pamba namba 50 juu na chini, urefu wa mshono milimita 3.

Jambo moja dogo lililobadilisha sura ya mistari yangu: kiungo kilichopigwa pasi upande mmoja kina upande wa juu, penye mkunjo chini yake, na upande wa chini. Pita upande wa chini, ukiuegemea ule mwinuko. Uzi unajificha wenyewe. Nilipopita juu ya mwinuko, hata kwa tofauti ya milimita moja, mshono ulionekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Nilianza kikanda cha katikati, kisha kulia, kisha kushoto. Kwenye cha tatu nilisikia cherehani ikinguruma kwa uzito nikaendelea. Nilipogeuza, mgongo ulikuwa na pindo lililoshonwa ndani, refu kama kidole, pale mstari mpya ulipokatiza wa zamani. Sentimita 40 zikafumuliwa. Namna ya kufumua bila kuchana: geuza mgongo juu, kata mshono mmoja katika kila minne au mitano, rudi usoni uvute uzi. Unatoka mzima mzima, na vile vipande vya nyuma unavifuta kwa kiganja.

Chanzo cha pindo kilikuwa uzito. Mfarishi ulining'inia kushoto kwa meza na kuvuta nyuma kila nilipokaribia makutano. Niliweka meza ya kupigia pasi kushoto kwangu, urefu sawa na ya cherehani, na kiti chenye mito nyuma. Tangu hapo hakuna pindo. Tena kabla ya kila mstari napitisha mkono chini, kiganja juu, kutoka nilipo hadi nitakapoishia.

Saa 6, sindano moja, bobini 5.

20 Februari: mishono huru kwenye miraba

Hapa meno ya cherehani yanashushwa, mguu unabadilishwa na ule unaorukaruka juu ya kitambaa, na anayesogeza kazi ni mikono yako. Urefu wa mshono hauwekwi popote. Unatokana na kasi ya mguu wako kwenye pedali dhidi ya kasi ya mikono.

Nilitengeneza kipande cha mazoezi cha sentimita 40 kwa 40 kwa vitambaa vilevile na pamba ileile. Bila hicho ningeharibu mraba wa kwanza wote, kwani mshono wa pili tu ulinipa kiota: usoni uzi umelala vizuri, mgongoni donge la uzi kubwa kama punje ya mahindi, na kitambaa kimenaswa kwenye bamba la sindano. Nilibadilisha mkazo wa uzi, nikasafisha bobini, nikabadilisha sindano. Kiota kikarudi. Saa nzima ikapita kabla sijatazama wenzo wa nyuma, ule wa kupandisha na kushusha mguu. Mguu huu, hata ukiushusha, unaelea juu ya kitambaa, kwa hiyo macho hayakuambii kama wenzo uko juu au chini. Ukiwa juu, visahani vinavyobana uzi viko wazi na uzi wa juu unatiririka bila kizuizi. Ndicho kiota. Upande mwingine wa jambo hilohilo: wakati wa kutunga uzi, wenzo lazima uwe juu, ili uzi uingie katikati ya visahani. Juu kwa kutunga, chini kwa kushona. Nimeandika maneno hayo kwenye karatasi na kuibandika kwenye shingo ya cherehani.

Tatizo la pili lilikuwa kope. Kwenye mapinde ya njia ya mlevi, mgongoni palitokea vitanzi vidogo vya uzi wa juu vilivyojipanga kando ya mstari kama kope za jicho, huku uzi wa bobini umenyooka. Kwenye mistari iliyonyooka havikuwepo. Maana yake mikono yangu ilikuwa ikikimbia kila ilipofika kwenye pinde, ikaupita mwendo wa sindano. Nilipandisha mkazo wa juu kutoka 4 hadi 5, lakini kilichotibu kabisa ni kuacha mguu wa pedali kwenye kasi moja na kuitazama sehemu ninayokwenda, si sindano. Nilivaa glavu nyembamba zenye vidoti vya mpira viganjani. Zinashika kitambaa bila kukikandamiza, na mabega hayachoki upesi.

Kila mwanzo navuta uzi wa bobini juu ya uso kabla ya kuanza, na mikia yote miwili naifunga na kuifukia kwenye pamba kwa sindano ya mkono.

Sasa hasara kubwa ya hatua hii. Nyota ya Ohio ina uwanja mweupe, nikachora mistari kwa kalamu ya buluu, ikiachana milimita 5, nikaijaza yote. Ilipendeza mno. Nilipopima, mraba ule ulikuwa umesinyaa hadi sentimita 29 na majirani zake wawili wamefutuka. Pamba yangu inaruhusu mishono iachane hadi sentimita 20, mimi nilikuwa nimekusudia 5 hivi kila mahali, kisha nikauvunja mpango kwenye mraba mmoja. Nilifumua mstari mmoja katika kila miwili. Saa tatu, na macho yakaniuma. Mraba ulirudi karibu na sentimita 29 na nusu, na majirani wakatulia. Msongamano wa mishono ni kama chumvi: usipougawa sawa, mfarishi wenyewe utakuonyesha palipozidi.

Alama za buluu nilizinyunyizia maji zikatoweka mbele ya macho yangu. Siku mbili baadaye zilikuwa zimerudi, hafifu, na kingo zake zimetapakaa. Nimeziacha, nitazishughulikia kwenye kuosha.

Saa 19 pamoja na ufumuaji, bobini 9, sindano tatu. Moja ilivunjika kwa sababu niliivuta kazi huku ikiwa ndani ya kitambaa.

27 Februari: pambizo, na chaki ya njano

Pambizo langu ni la rangi ya maziwa. Nilikusudia msokoto wa nyuzi mbili uzunguke mfarishi wote, nikakata kielelezo kwenye karatasi ngumu. Chaki nyeupe haionekani pale, wala sabuni. Kalamu ya buluu ilikauka baada ya mkono mmoja wa mchoro. Nikachukua chaki ya fundi ya njano.

Naandika kwa utaratibu kila nilichofanya, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na maana baadaye. Mstari wa kwanza ulikuwa mwepesi na ulififia nilipoukunja mfarishi kuuingiza chini ya shingo ya cherehani. Nikanoa ukingo wa chaki kwa kisu na kuchora upya kwa kukandamiza. Upande mmoja nikauchora wote kwa siku moja, ukakaa siku nne kabla sijaushona. Kona ya chini kulia ilikuwa na makunyanzi kutokana na kukunjwa, nikaipitishia pasi ya moto na mvuke juu ya mistari. Kisha nikashona.

Mshono wenyewe ni mzuri kuliko wote nilioufanya. Saa 8, bobini 5.

4 Machi: haikutoka

Nilianza na brashi. Unga wa juu ukaruka, mstari ukabaki. Nikachukua kipande cha pamba kilichobaki, nikakisugua kikavu. Kilitoka na rangi ya njano, mstari ukapungua lakini matundu ya sindano yakabaki, kila tundu na doa lake, hivyo badala ya mstari nikawa na safu ya nukta. Nikalowesha kitambaa na kusugua. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi: njano ilitanda pande zote mbili za mshono, upana wa kidole, kama chai iliyomwagika ikakauka.

Shangazi yangu, aliyenifundisha cherehani, alipita jioni. Baada ya salamu hakuuliza kitu, alichukua pambizo akalipeleka dirishani. Akakwaruza mstari kwa ukucha, akautazama ukucha kwenye mwanga, akausugua kwa kidole gumba.

"Hii ina nta, mwanangu. Umeipiga pasi?"

"Kona hii tu, Shangazi."

"Basi usiisugue tena. Chukua vipande vya kitambaa hikihiki, ukosee huko kwanza."

8 Machi: vipande tisa

Nilitengeneza vipande tisa vidogo: uso wa rangi ya maziwa, pamba, mgongo. Kila kimoja nikakichora mstari wa chaki ya njano nikashona juu yake, na nusu ya kila kipande nikaipiga pasi. Huu ndio mfano ningepaswa kuufanya tarehe 5 Februari.

Kwanza chaki yenyewe. Ya ubaoni kwa kawaida ni kaboneti ya kalsiamu au jasi. Ya fundi inaweza kuwa ulanga au udongo laini, lakini nyingine ni nta iliyokandwa na rangi. Zinafanana mkononi kwa mtu asiyetafuta tofauti. Ya nta haitoi vumbi, inateleza, na ukingo wake hukaa mkali. Kuna njia ya kupata uhakika: chora mstari mzito kwenye karatasi nyeupe, funika kwa karatasi nyingine, pitisha pasi ya moto. Chaki yangu nyeupe ya unga haikuacha kitu. Ya njano iliacha alama inayopenyeza mwanga, kama karatasi iliyofungia maandazi.

Hapo nikaelewa lililotokea. Pasi iliyeyusha nta, nta ikazama kwenye nyuzi na kubeba rangi. Maji yangu hayakuwa na uwezo wa kuiyeyusha, yalisambaza tu unga wa rangi uliokuwa juu.

Brashi peke yake iliondoa sehemu kubwa ya upande usiopigwa pasi, si nukta za matundu. Kipande cha pamba kilifanya vizuri zaidi ya brashi, kwa sababu vinyuzi vyake vinaingia mahali brashi inaruka. Maji matupu, hakuna. Siki nilisoma mahali kwamba huondoa chaki. Kwenye chaki nyeupe ya unga ilitoa vipovu, kama asidi inavyofanya ikikutana na kaboneti ya kalsiamu, lakini chaki hiyo hutoka kwa brashi hata bila siki. Kwenye njano haikugusa kitu. Karatasi ya kunyonya na pasi, dawa ya kawaida ya nta ya mshumaa, iliivuta nta ikatoka kwenye karatasi kweli, na njano ikazama zaidi ikabaki pale. Nilisimama baada ya kipande kimoja. Mshumaa mweupe hauna rangi. Chaki hii inayo.

Vilivyofanya kazi ni viwili. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja kwenye kijiko cha maji ya vuguvugu, imepigwapigwa kwa mswaki laini kutoka usoni huku kitambaa cheupe kikavu kikiwa chini kupokea kinachotoka. Kupigapiga, si kusugua. Upande usiopigwa pasi ulisafika kabisa baada ya mizunguko miwili. Uliopigwa pasi ulibaki na kivuli hata baada ya mzunguko wa nne. Kwa huo nilijaribu spiriti ya kusafishia vidonda kwenye pamba, kisha sabuni ileile. Kivuli kilipungua hadi kukiona ni kwa kutafuta. Lakini spiriti hiyohiyo niliijaribu kwenye kiraka chekundu ikanitolea wekundu kwenye pamba, kwa hiyo ikae mbali na viraka vya rangi. Fungua dirisha, na pasi isiwe imewashwa karibu; spiriti inashika moto haraka.

Kipande cha tisa sikukigusa. Nimekiweka cha kulinganishia.

11 Machi: kurudi pambizoni

Siku tatu, jumla ya saa 14 ukihesabu na majaribio. Utaratibu niliofuata ni kuanza na ukavu daima: brashi, kisha kipande cha pamba, kubadilisha upande wa pamba kila ukipata njano, mpaka itoke nyeupe. Ndipo sabuni, sentimita 20 kwa wakati mmoja, kisha kuisuuza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi ili sabuni isikauke ndani. Mahali nilipokuwa nimesambaza njano kwa maji tarehe 4 palikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, kwa kuwa kulikuwa na unga tu bila nta. Pagumu ni matundu ya sindano. Sindano inapoingia inasukuma chaki chini hadi kwenye pamba, na uzi unafunga mlango juu yake. Hapo mswaki nauelekeza wima, nyuzi zake ziingie tunduni.

Kona iliyopigwa pasi imechukua saa nne peke yake.

14 Machi: ukingo

Mfarishi uliokwisha kushonwa unapima sentimita 136 kwa 171. Mishono imekula sehemu yake. Nilipunguza ziada, nikakata kanda za upana wa sentimita 6, nikaziunga kwa mshazari kupata sentimita 640, nikazikunja mara mbili, nikashona usoni kwa cherehani na mgongoni kwa mkono. Kona zimekaa. Saa 9, karibu zote za mkono.

17 Machi: kuloweka

Nimechelewesha kuosha hadi ukingo umalizike, kwa sababu pamba iliyo wazi kingoni hufumka majini.

Kalamu ya buluu ndiyo iliyoamua mpangilio. Ilirudi tarehe 22 Februari kwa kuwa nilikuwa nimelowesha uso tu: maji yaliishusha wino kwenye pamba, na uso ulipokauka wino ukapanda tena pamoja na unyevu. Inahitaji maji mengi yapite matabaka yote. Na iwe maji baridi, bila sabuni, bila pasi kabla, kwani joto na baadhi ya sabuni huifanya ing'ang'anie, wakati mwingine igeuke kahawia. Kwa hiyo maji matupu kwanza, sabuni baadaye.

Kabla ya hapo nilibana kitambaa cheupe chenye maji juu ya kila kiraka chekundu na cha buluu iliyokoza, nikahesabu dakika tano. Chekundu kimoja kiliacha wekundu hafifu. Nilikusudia kuloweka usiku kucha. Nikabadili iwe nusu saa, kumwaga, nusu saa tena, mara tatu, na maji mengi ili rangi inayotoka isipate pa kutua. Maji ya kwanza yalitoka na ubuluu na vumbi la chaki nyeupe lililotulia chini ya beseni. Ya tatu yalikuwa safi. Ndipo maji ya vuguvugu na sabuni laini, kubonyeza kwa viganja bila kusokota, na kusuuza mara nne.

Kuutoa majini ni kazi ya watu wawili. Mfarishi uliolowa ni mzito, na ukiushika ukingo mmoja uzito wote unaning'inia kwenye mishono. Tuliuzungushia taulo mbili tukazibonyeza, kisha tukautandaza bapa juu ya shuka, tukanyoosha kona kwa rula. Haukuning'inizwa kwenye kamba.

20 Machi: umekauka

Vipimo vya mwisho ni sentimita 131 kwa 165. Pamba imesinyaa, makunyanzi laini yamejitokeza kati ya mishono, na mistari yangu miwili iliyoyumba kwenye kibanda cha magogo sasa siioni hata nikiitafuta. Alama za buluu hazijarudi. Nitaendelea kuangalia wiki hii kabla ya kuruhusu pasi popote karibu. Wekundu haujahama.

Njano imebaki sehemu moja: kona ya chini kulia, urefu wa sentimita 7, kivuli kinachoonekana kwenye mwanga wa dirisha na kupotea kwenye mwanga wa taa. Nimerudia spiriti mara moja zaidi bila mabadiliko. Kitambaa pale kimeanza kutoa vinyuzi, na kikitoboka sina la kufanya, hivyo nimesimama. Shangazi alipendekeza nipitishe mshono wa pili sambamba na wa kwanza, uzi wa rangi ya maziwa iliyokoza kidogo, katika kona zote nne ili ionekane ndiyo nia. Nimefanya hivyo leo asubuhi, saa mbili, bobini haikuisha. Kivuli kimekaa katikati ya mishono miwili na msokoto umepata unene kwenye kona. Ni bora kuliko mchoro wangu wa awali, nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Hesabu yote: saa 70, pamoja na 9 za kutandaza na kupiga bandi, na 3 za kuosha. Kati yake karibu 23 ni za kurudia na kurekebisha: 5 za mgongo niliouwamba, 1 ya kiota, 3 za nyota, 14 za chaki. Bobini 19, uzi mita 1,750 hivi juu na chini, sindano 6. Chaki ya njano nimeitoa kwenye kikapu cha cherehani.

Kwa pambizo la mfarishi ujao nimeanza leo. Nimechukua kipande kipya cha rangi ya maziwa na kuchora mistari mitano: chaki ya unga ya rangi ya waridi, chaki mpya ya fundi isiyoacha alama kwenye karatasi ya pasi, kalamu ya buluu mpya, kipande cha sabuni, na mkwaruzo wa kijiti butu usio na rangi yoyote, unaoacha mfereji tu kwenye kitambaa. Nimeshona juu ya yote mitano, nusu nimeipiga pasi, nimeandika tarehe pembeni kwa penseli. Kipande kimekunjwa chini ya cherehani. Nitakiosha 17 Aprili.